Muswada wa mwani umerudi siku ya tatu bila kuhakikiwa. Marekebisho yaanzie wapi?

mpwani_tumbe

Assalaam alaykum. Kuna muswada umechopolewa kwenye tasnifu ya uzamili: ukuaji wa mwani wa spinosum kina kifupi na kina kirefu, pwani ya Micheweni, Pemba, kaskazi na kusi. Maneno 9,400, majedwali 11, vielelezo 9, marejeo 112. Ulipelekwa jarida moja la nje la mazingira ya bahari, siku ya tatu ukarudi. Barua ya mhariri mistari minne: haumo katika mawanda yao, maelekezo kwa waandishi hayakufuatwa, na mbinu hazikuelezwa kiasi cha kuweza kupimwa. Hakuna mhakiki aliyeuona.

Nauliza mambo matatu. Upunguzwe wapi bila kuharibika? Ada ya kuchapisha, mahali pengine dola 2,000 na zaidi, mtu wa huku analipaje? Na fomu inadai "jina la ukoo". Sisi mtu ana jina lake, la baba na la babu. Ukoo uko wapi hapo? Waandishi kwa sasa ni sita, wamo sheha wa shehia iliyotoa ufukwe na mkuu wa idara.

mkia_wa_taa

Wa alaykum salaam. Kurudi siku ya tatu ni afadhali kuliko kurudi mwezi wa saba. Mhariri hakukataa matokeo yako, maana hakuyafikia.

Kabla hujafuta hata sentensi moja, chagua jarida jipya. Muswada haupunguzwi hewani. Unapunguzwa kwa kipimo cha mahali unapokwenda. Kwa mada hii kuna *Western Indian Ocean Journal of Marine Science* la WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa Bahari ya Hindi Magharibi, ambalo limekuwapo tangu 2002 na ofisi za wachapishaji wake ziko hapo hapo Unguja. Ukitaka la mwani hasa, *Journal of Applied Phycology* au *Botanica Marina*. Fungua makala tano za miaka miwili ya mwisho katika jarida unalolitaka. Kama hakuna hata moja ya kilimo cha mwani au mimea ya bahari, ondoka. Kama zipo, hesabu: zina majedwali mangapi, utangulizi kurasa ngapi, marejeo mangapi. Hicho ndicho kipimo chako, na mara nyingi kinasema kweli kuliko ukurasa wa mawanda wenyewe.

Sasa kupunguza. Tasnifu humwonesha mtahini kwamba umesoma. Makala humwonesha msomaji ulichokipata. Kwa hiyo utangulizi ndio wa kwanza kuingia kisuni. Nna hakika mna kurasa mbili za historia ya mwani tangu 1989 Paje na Jambiani, kisha faida za karajinani inayotolewa kwenye mwani, kisha idadi ya akina mama wanaolima. Hayo yote ni sentensi tatu. Utangulizi wa makala una aya nne au tano: tatizo ni lipi, nini kinajulikana, nini hakijulikani, na swali lenu. Ukifika aya ya sita na swali halijatajwa, umepotea njia.

Majedwali 11 hayaendi popote. Jedwali linalorudia kielelezo lifutwe. La vipimo ghafi vya kila kamba liende kwenye viambatisho. Yabaki matatu, manne kwa wingi. Marejeo 112 yatajishusha yenyewe utangulizi ukishakatwa. Ikisiri iwe maneno 250 au pungufu na iwe na namba ndani yake. Sentensi ile ya "matokeo yanajadiliwa kwa kina" ifutwe leo hii.

Ila hilo la mbinu ndilo linalonishughulisha zaidi. Nijibu haya: mashamba yalikuwa mangapi kila kina? Kasi ya ukuaji mmeikokotoa vipi? Joto la maji mlipima saa ngapi? Mche uliokatika au kuliwa na tasi mliuhesabu vipi?

mpwani_tumbe

Shukran. Shamba moja kina kifupi, moja kina kirefu, kila moja kamba 12 zenye miche 30. Uzito wa mwanzo gramu 100, siku ya 45 wastani gramu 500 hivi kwa kina kirefu. Kasi: uzito ulioongezeka, gawa kwa uzito wa mwanzo, gawa kwa siku, tukapata asilimia 8.9 kwa siku. Joto lilipimwa kila bamvua, maji yakitoka. Miche iliyokatika iliondolewa kwenye hesabu.

mkia_wa_taa

Haya, hapo pana mambo manne na kila moja peke yake linatosha kumfanya mhakiki aandike "hapana".

La kwanza, kasi. Mwani hauongezeki kwa mstari mnyoofu. Kinachokua leo nacho kinakua kesho. Kanuni inayotumika ni logi asilia ya uzito wa mwisho, toa logi asilia ya uzito wa mwanzo, gawa kwa siku, zidisha kwa 100. Kwa namba zako: logi asilia ya 500 gawa kwa 100 ni 1.609. Gawa kwa 45, zidisha kwa 100, unapata asilimia 3.58 kwa siku. Ile 8.9 ijaribu mwenyewe: mche wa gramu 100 ukikua kwa asilimia 8.9 ya uzito wake kila siku, siku ya 45 utakuwa umepita kilo 4. Mhakiki wa fani hii ataliona hilo kabla hajamaliza ikisiri, na hatosoma mbele. Kokotoa upya kwa kila mche au kila kamba, kisha ndipo utafute wastani. Usichukue wastani wa uzito ukauingiza kwenye kanuni mara moja.

La pili ni zito zaidi. Kamba 12 ndani ya shamba moja si marudio 12 ya "kina". Ni marudio 12 ya shamba lile. Kama shamba la kina kirefu lina mkondo mkali au mchanga msafi zaidi, huwezi kujua kilichokuza mwani ni kina au ni mahali. Mwanaikolojia Stuart Hurlbert aliliandikia jambo hili mwaka 1984 na wahakiki wa ikolojia wanalishika mpaka leo. Hakuna jaribio la takwimu litakalokuokoa, hata ukitumia modeli yenye athari nasibu, maana kila kina kina mahali pamoja tu. Tiba ni maneno. Badilisha kichwa na hitimisho viseme mmelinganisha *mashamba mawili* yanayotofautiana kwa kina, na katika mjadala taja nini kingine kilitofautiana. Dai likiwa dogo na la kweli, muswada unapita. Dai kubwa lisilo na mguu ndilo linalorudishwa.

La tatu, joto. Bamvua la kwetu maji hutoka kabisa karibu na saa nne asubuhi. Kama mlipima kila bamvua maji yakitoka, vipimo vyenu vyote vimeangukia saa zile zile, na joto kali la mchana hamkulikamata hata mara moja. Andikeni saa, kifaa na usahihi wake, na msiseme "joto la msimu". Semeni "joto la maji wakati wa kupwa kwa bamvua". Kaskazi na kusi zielezwe kwa miezi, kisha kwa tarehe halisi za kupanda na kuvuna. Msomaji wa Norway hana kusi.

La nne, miche iliyokatika. Ukiiondoa yote, iliyobaki ni ile migumu, na wastani unapanda juu ya ukweli. Toeni kasi ya ile iliyosalia, na kando yake asilimia ya iliyopotea kwa kila shamba. Huenda hilo la pili ndilo matokeo yenu bora.

Na spinosum ni jina la soko, kama ilivyo cottonii. Kwenye makala ni *Eucheuma denticulatum*, na cottonii ni *Kappaphycus alvarezii*. Hakikisha tahajia kwenye AlgaeBase, hifadhidata ya majina ya mwani, andika kwa italiki, jina kamili mara ya kwanza, halafu *E. denticulatum*. Jina la wakulima litajwe mara moja kwenye mbinu.

binti_mkoani

Naongezea la waandishi, maana hapo ndipo watu wanapogombana.

Kipimo kinachotumika sana ni cha kamati ya wahariri wa majarida ya tiba, na majarida mengi ya fani nyingine yamekiazima. Masharti manne, yote kwa pamoja: awe amechangia kwa uzito katika kubuni kazi au kukusanya na kuchambua data, awe ameandika au kuupitia muswada kwa kina, awe ameidhinisha toleo la mwisho, na akubali kuwajibika kwa kazi nzima. Sheha aliyetoa ruhusa ya ufukwe hafiki hapo. Anaingia kwenye shukrani, kwa cheo na shehia. Muombeni idhini kabla ya kumtaja, majarida mengine yanadai hivyo. Mkuu wa idara naye ni vivyo hivyo, kama alichofanya ni kusaini barua.

Majarida mengi sasa yanataka mchango wa kila mwandishi uandikwe kwa mfumo wa majukumu 14: nani alibuni, nani alikusanya data, nani alichambua, nani alitafuta fedha. Jazeni hiyo orodha mapema, mkiwa mmekaa pamoja. Mtu asipokuwa na jukumu lolote, jedwali lenyewe limeshasema, na hakuna aliyelazimika kumwambia usoni.

Jina sasa. Fomu inagawa jina sehemu mbili, na ile ya mwisho ndiyo itakayotajwa kwenye marejeo. Chukua mtu anayeitwa Mwanajuma Haji Makame. Leo anajiandika "Haji, M." kwa kuwa ndilo jina la baba, kesho "Makame, M.H." kwa kuwa ndilo lililo mwisho kwenye pasi. Hifadhidata zinawaona watu wawili na makala zinagawanyika. Hakuna kosa katika kuchagua lolote kati ya hayo. Kosa ni kubadilisha. Wengi huku wanachukua la babu, ndilo linalolingana na vyeti. Chagua, kisha fungua ORCID, utambulisho wa kudumu wa mtafiti, ni bure, tarakimu 16, na uiweke kila unapotuma. Hapo hata jarida likikukosea herufi, kazi inabaki yako. Kama ni Khamis usiwe Hamis mwakani.

dau_la_wete

Sikubaliani na dada hapo juu kwenye mkuu wa idara. Kanuni ni hiyo, sawa, lakini kijana ambaye bado yuko kwenye idara hiyo ataikuta kanuni imemwacha peke yake.

binti_mkoani

Naelewa. Ndiyo maana nikasema jedwali la majukumu lijazwe mapema. Kuna njia ya halali pia: mpeni rasimu mkuu mwenyewe, wiki mbili, aipitie kwa kina na aandike maoni, na kama alishiriki kubuni kazi tangu mwanzo, akaidhinisha toleo la mwisho na kukubali kuwajibika, basi masharti yametimia. Kama hakushiriki kubuni, kukusanya wala kuchambua, kupitia rasimu peke yake hakutoshi, na siku makala ikitiliwa shaka, aliyetiwa jina bila kazi ndiye wa kwanza kuulizwa data ziko wapi.

kibunango

La ada.

Usianze na bei, anza na aina ya jarida. Jarida mchanganyiko lina njia mbili: huria, ambapo kila mtu anasoma bure na wewe unalipa, na ya usajili, ambapo mwandishi halipi chochote na wasomaji ndio wanaolipia. *Journal of Applied Phycology* ni la namna hiyo. Kwenye fomu, mara nyingi baada ya kukubaliwa, unaulizwa unataka ipi. Chagua ya usajili, kisha weka toleo lako lililokubaliwa kwenye hazina ya chuo, yaani hifadhi yake ya kazi mtandaoni, kwa masharti na muda wanaouruhusu. Watu wengi huku wanaikimbia jarida nzuri kwa kuogopa bei ya njia ambayo hawakulazimika kuifuata.

Jarida ambalo ni huria tupu ndilo lenye suala la msamaha. Hapa pana mtego. Baadhi ya wachapishaji wanafuata orodha ya Research4Life, mpango wa kuzipa nchi za kipato kidogo majarida bure au kwa bei ndogo, na humo Tanzania iko Kundi A, ambalo kwa kawaida husamehewa ada yote. Wengine wanafuata madaraja ya Benki ya Dunia, na huko Tanzania ilipanda kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini Julai 2020, kwa hiyo msamaha wao unaweza kuwa wa nusu badala ya wote. Soma ukurasa wa msamaha wa mchapishaji huyo huyo, usitegemee alichoambiwa mwenzako na mwingine. Na ombi linatolewa wakati wa kutuma, si baada ya kukubaliwa. Angalia pia wanahesabu nchi ya nani: pengine ni ya mwandishi wa mawasiliano tu, pengine waandishi wote. Mwenzenu mmoja wa Ulaya anaweza kuwafuta msamaha, lakini chuo chake kinaweza kuwa na mkataba unaolipa ada. Muulizeni yeye kwanza.

Matapeli: barua pepe ya "Dear Professor" inayokusifu kwa makala ambayo hukuiandika, jibu ndani ya saa 72, dola 150 tu. Bei ndogo ndiyo chambo. Tafuta ISSN, namba ya utambulisho wa jarida, kwenye tovuti rasmi ya ISSN uone kama jina na anwani vinalingana, maana kuna majarida halali yaliyoibiwa jina na tovuti yakafunguliwa pacha. Angalia DOAJ, orodha ya majarida huria, kama ni huria. Tazama wahariri, kisha fungua ukurasa wa mmoja wao chuoni kwake uone kama naye analitaja jarida hilo. Ukishatia saini na kulipa, kuuondoa muswada huko ni kazi ya miezi, na jarida jingine halitaupokea mpaka uondolewe.

mkia_wa_taa

Kibunango kasema. Nitie la faili, ndilo lililobaki kwenye barua ya mhariri.

Namba za mistari ziendelee kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, zisianze upya kila ukurasa. Nafasi mbili kati ya mistari. Majedwali yawe majedwali ya kweli ya programu ya kuandikia, si picha. Vielelezo kila kimoja faili lake, pamoja na maelezo yake kwenye ukurasa tofauti wa muswada. Picha ya safu moja yenye upana wa milimita 85 inahitaji nukta 300 kwa inchi, yaani pikseli 1,004 kwa upana. Grafu ya mistari inataka 600 au zaidi, yaani 2,008. Picha iliyopita WhatsApp kama picha imeshabanwa, haifai tena hata uikuze vipi; itumwe kama dokumenti au kwa kebo. Grafu isiwe ya pande tatu, na rangi nyekundu na kijani zisikae pamoja, kuna wasioweza kuzitofautisha.

Ramani: mizani, kaskazini, na viwianishi kwa digrii za desimali, kwa mfumo wa WGS84 unaotumiwa na GPS. Micheweni iko karibu na latitudo −4.97, longitudo 39.83. Alama ile ya kutoa ikidondoka, shamba lenu linahamia kusini mwa Ethiopia. Mnacheka, lakini inatokea, na mhakiki akiliona hapo anaanza kutilia shaka kila namba nyingine.

Kibali cha utafiti cha Zanzibar kitajwe kwa ofisi, namba na tarehe. Kibali cha bara hakisimami mahali pake, usikiandike kimoja ukadhani kimefunika. Kama mlihoji wakulima, idhini ya maadili na namna ya ridhaa ziwe na sentensi yake, na dodoso la Kiswahili liwe kiambatisho kama lilivyoulizwa, kando ya tafsiri.

Data: faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, vichwa vya safu viwe na vipimo, liwekwe Zenodo, hazina ya data mtandaoni, bure, linapata DOI, namba yake ya kudumu. Tamko la upatikanaji wa data linaloishia "zitatolewa zikiombwa" halikubaliki tena katika baadhi ya majarida.

mpwani_tumbe

Nimeandika yote, Mwenyezi Mungu awalipe. Mawili ya mwisho. Tasnifu iko kwenye hazina ya chuo mtandaoni, wataona tumenakili? Na barua ya kuwasilisha iseme nini, ile ya kwanza ilikuwa kurasa mbili.

binti_mkoani

Wataona, maana programu za kulinganisha maandishi kwa kawaida husoma hazina za mtandaoni. Si kosa kwa majarida mengi, ila litajwe na wewe kabla hawajalikuta: sentensi moja kwenye barua, nyingine kwenye tamko, zenye kiungo cha tasnifu. Hata hivyo andika upya utangulizi na mjadala. Mbinu zitafanana, hawashangai. Kama mlitumia programu ya akili bandia kunyoosha Kiingereza, tazama jarida linataka itamkwe wapi. Haiwi mwandishi.

Barua: nusu ukurasa. Kichwa cha muswada na aina ya makala. Sentensi mbili za mlichokipata, pamoja na ile asilimia ya miche iliyopotea. Sentensi moja kwa nini kitawahusu wasomaji wa *jarida hilo*. Kisha kwamba haujatumwa kwingine, waandishi wote wameridhia, hakuna mgongano wa maslahi au upo huu. Wahakiki watatu kama wanaomba, wasiwe waliochapisha nanyi karibuni, kwa barua pepe za taasisi zao. Na hakikisheni jina la jarida lililowakataa halikubaki mle ndani kwa kusahau. Hilo linatokea kuliko unavyodhani.

kibunango

Kama uhakiki wao ni wa pande zote mbili kufichwa, mwandishi na mhakiki wasijuane, faili kuu lisiwe na majina, shukrani wala namba ya kibali. Hivyo vyote vinakaa ukurasa wa jina peke yake. Ingia kwenye sifa za faili ufute jina la aliyeliandika, kwa sababu ukilifunga kwa PDF linabaki pale pale.

Na ukishapakia kila kitu, mifumo mingi inajenga PDF moja na kuirudisha kwako uikague. Ifungue yote, tazama kama alama za ± na ° hazikugeuka visanduku, kisha ubonyeze idhini. Muswada usioidhinishwa haujafika kwa mhariri. Unakaa tu kwenye akaunti yako, na watu husubiri jibu lake miezi mitatu.